Mzee wa Nusu kwa Nusu

Nianze kwa kusema ukweli, nisije nikajifanya mwema hapa: nilimwonea wivu Mzee wa Pampu kwa miaka minane mizima. Si wivu wa kupita, ule wa kuona mwenzako amevaa viatu vipya halafu kesho umesahau. Huu ulikuwa wivu wa kuamka nao. Niko kule Mutuini nanawa uso, sijashuka hata mjini, tayari namwona akilini amesimama kando ya pampu yake, ovaroli imepigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono imekaa sawa kichwani, na wateja wamemzunguka wanamwuliza. Kumwuliza! Hilo ndilo lililoniuma. Sikutaka mshahara wake wala kofia yake. Nilitaka mtu mmoja tu aingie na gari pale kituoni, ampite yeye, aje kuniuliza mimi.

Ametoka wapi na ni mwana wa nani, hayo siyagusi. Alikuwa mtu wa Pwani. Akisema neno moja tu ulikuwa umeshajua. Sisi wafanyakazi tulimwita Mzee wa Pampu, wateja walimwita Mzee, na mimi kimoyomoyo, nikiwa nimekasirika, nilimwita Mzee wa Nusu kwa Nusu.

Kituo chetu kilikuwa katikati ya Nairobi, mtaa wa maduka ya vitambaa. Tulikuwa na pampu mbili za petroli, ya regula na ya super. Regula ilikuwa rahisi na hafifu. Super ilikuwa ghali, ya magari yenye injini kali. Ukitia petroli hafifu kwenye injini kali, mafuta yanalipuka humo ndani kabla ya wakati wake, nayo injini inaanza kutoa sauti kama karanga kwenye kikaango. Tulisema inagonga. Ikigonga kidogo si neno. Ikigonga sana inajiua yenyewe.

Sasa, Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, injini inavuta hewa kidogo. Gari ambalo Mombasa lingegonga vibaya kwa regula, hapa linatembea vizuri tu. Mengine yako katikati, regula haiyatoshi na super tupu ni kupoteza pesa. Hayo ya katikati ndiyo yaliyompa Mzee ufalme wake. Alikuwa akiyachanganyia. Nusu regula, nusu super. Au robo tatu kwa robo. Na hakukosea, jamani. Nilikaa nikimvizia akosee na hakukosea.

Njia yake ilikuwa hivi. Mwenye gari akisema, "Mzee, gari yangu siielewi," hafungui boneti. Anaweka kiganja juu yake, anaagiza injini ivutwe moto, anainamisha kichwa. Halafu anamwambia mtu, "Nenda panda Valley Road na gia ya juu kabisa, usiibadili hata ikilalama. Zima redio. Urudi unambie." Mtu mzima na suti yake na mkoba wake anakwenda kweli! Anapanda mlima wa Valley Road na gia ya nne, gari linatetemeka, wenzake nyuma wanampigia honi, anageuza kule juu anarudi kama mwanafunzi aliyetumwa chaki.

"Haikugonga, Mzee."

"Wewe wanambia haikugonga, nayo yenyewe hapa yaniambia yagonga. Nimwamini nani?"

Mtu anacheka, anakubali kuwa iligonga kidogo pale karibu na juu. Basi Mzee anashika bomba la regula, anajaza mpaka anapotaka, anaacha, anashika la super. Kazi imekwisha. Mimi niko ndani kwenye karakana, chini ya gari, mafuta machafu yananidondokea shingoni, nasikia yote.

Kwa maana mimi ndiye niliyekuwa fundi pale. Nilikuwa nimesoma. Miaka miwili ya masomo ya jioni baada ya kazi, nikapata cheti, nikakitia fremu na kioo, nikakitundika ukutani pale karakana mahali ambapo mtu hawezi kukosa kukiona. Wateja walikiona. Walidhani ni leseni ya biashara. Mmoja aliniuliza kama imekwisha muda.

Kila mtu pale aliniita fundi isipokuwa yeye. Yeye aliniita mwanangu. "Mwanangu, nipishe." "Mwanangu, umeacha spana yako pale watu wapitapo." Alisema kwa upole, nami kila akisema nilihisi amenivua ovaroli mbele za watu.

Mambo yake mengine hayakuwa na maana hata kidogo, na hayo pia yaliniudhi. Hakujua kuendesha gari. Nakwambia hakujua! Gari likizima pale kwenye pampu tukataka kulisukuma, ilibidi aitwe mtu wa kukaa kwenye usukani, maana yeye hakuthubutu hata kuugusa. Alitembea kwa miguu asubuhi na jioni, kutoka chumba chake kule karibu na Kenyatta Market mpaka mjini, na kurudi. Mchana kutwa anashughulika na petroli, lakini hukumsikia ananuka petroli. Alijipaka mafuta ya waridi nyuma ya masikio, mpaka kina mama wa Kihindi wakishusha vioo vya magari walikuwa wanavuta pumzi wakitabasamu. Chai ya kituoni hakunywa. Alisema ina ladha ya bomba. Aliswali kwenye stoo ya tairi, akitoka hapo mtu yeyote aliyekuwa amemkasirikia anajiona mjinga. Alihubiri kwamba kamari ni haramu, na mwaka mzima alijua ni gari gani litashinda mbio za Pasaka na kwa nini, na akawaambia waliotaka kuweka dau. "Mimi sichezi," alisema. "Mimi nasema tu lile lapumua vizuri."

Alikuwa na ukali wake pia. Ukifuta kioo cha mteja kikabaki na mstari, anakifuta upya bila kusema neno, polepole, ukiwa umesimama hapohapo unatazama. Ningeona heri anitukane.

Mama yangu mzazi alikuja mjini siku moja kutoka Mutuini. Alikuwa ameniletea viazi vitamu. Nikamtambulisha kwa bosi, nikamwonyesha cheti changu, akakitazama akasema ni kizuri. Kisha akatoka nje, akamwona Mzee, na kabla sijafikiria la kusema tayari alikuwa anamweleza kuhusu taa yake ya mafuta ya taa, eti inatoa moshi mweusi. Mzee akamwambia akate utambi pembe zote mbili, aupunguze kidogo. Mama akarudi nyumbani, akafanya hivyo, taa ikatulia. Miezi mitatu nilisikia habari za taa. "Yule mzee wenu anajua kazi," mama alikuwa akisema, ananipakulia chakula. Mimi ningeweza kumwambia habari za utambi! Hakuniuliza.

Mke wangu naye, akija kuniletea kitu, alimsalimu yeye kwanza. Nilimwambia kwa nini unamsalimu kwanza, akasema kwa sababu ndiye anayekuwa mbele. Jibu la kweli, na nilinuna siku mbili.

Kuna daktari mmoja wa Kilimani aliyekuwa na gari kubwa la Kiingereza. Lilinigongea hilo mwezi mzima. Nikalitengeneza taimingi, nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikatumia kila kitu nilichosomea. Likawa zuri kabisa. Daktari akaja kulichukua, akaliwasha, akalisikiliza, akapita mbele yangu moja kwa moja mpaka kwa Mzee. "Unaonaje, Mzee?" Mzee akaweka kiganja chake. "Sasa lapumua. Lakini tia super galoni mbili, hizo nyingine regula." Daktari akampa mkono, akamshukuru. Kwa gari ambalo nililitengeneza mimi! Nilirudi karakana nikapiga tairi teke, nikaumia kidole.

Haya, sasa niseme lile moja ambalo wengine hawakuliona, kwa sababu hawakuwa wakimchunguza kama mimi. Mzee wa Pampu hakuweza kusema "sijui". Neno hilo halikumtoka mdomoni miaka yote minane. Siku moja alikuja kijana na pikipiki ya aina ile inayotaka petroli ichanganywe na oili, akauliza kiasi gani. Niliona macho ya Mzee yakitafuta mahali pa kutua. "Niache kidogo nifikiri," akasema, akaingia stoo ya tairi. Nikamfuata kwa mbali. Hakuwa akifikiri. Alitokea mlango wa nyuma, akaenda mpaka kwa yule mtu aliyekuwa akipeleka mikate kwa pikipiki mtaa wa pili, akamwuliza kwa sauti ndogo, akarudi kwa mlango uleule, akatokea mbele akijipangusa mikono. Akamwambia kijana kipimo sawasawa.

Nilifurahi siku hiyo, wacha nikwambie. Nilirudi nyumbani nikiimba. Lakini nilipomweleza mke wangu, aliniangalia akasema, "Si alienda akauliza? Wewe unacheka nini?"

Basi ikaja miaka ile mafuta yalipokuwa adimu, super ikawa ya kusubiri lori, na watu wakapanga foleni. Ndipo gari la tabo lilipoingia kituoni.

Lilikuwa la kijana wa duka la vitambaa, mtoto wa mfanyabiashara Mhindu ambaye duka lake lilikuwa hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya, na gari lake likamfuata kwa meli. La Kijerumani, dogo, jeupe, limekaa chini karibu na lami. Mtaa wote wa maduka ulitoka kulitazama. Alipofungua boneti tuliona pembeni mwa injini kitu cha chuma kilichojikunja kama konokono. "Hiyo ndiyo tabo," kijana akasema. Wiki za kwanza hapakuwa na swali, alijaza super tupu, akaenda zake.

Jumamosi moja akaja, marafiki zake wakimfuata nyuma kwa magari yao. Walikuwa wanapanda Ngong kushindana, kama vijana wa pesa walivyofanya. Super ilikuwa imebaki kidogo tu ndani ya tangi letu.

"Mzee, super iko?"

"Iko, lakini haijazi. Lori laja kesho, huenda kesho kutwa."

"Mimi nataka kwenda saa hii. Hawa watanicheka. Nikichanganya itakuwa mbaya?"

Mzee akaweka kiganja juu ya boneti. Watu wanne au watano walikuwa wamesimama wanamtazama, na bosi mlangoni pa ofisi. Akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akasema, "Niache kidogo nifikiri," nami nikajua.

Nilikuwa ndani ya shimo la karakana, chini ya lori dogo la fundi seremala mmoja Singasinga. Nikaona kivuli. Mzee alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa shimo, ovaroli yake ile ya pasi kwenye sakafu ya grisi. Hajawahi kufanya hivyo.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe umesoma vitabu. Hii tabo yafanya kazi gani?"

Nilijua. Nataka uelewe kwamba nilijua vizuri sana. Mteja mmoja alikuwa amesahau gazeti la magari kituoni, nikalichukua, nikalisoma nikiwa na kamusi, ukurasa kwa ukurasa, kwa ajili ya gari lile hasa. Nilijua kwamba tabo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Kwa hivyo ile hesabu yetu ya Nairobi, kwamba hewa ya huku ni nyepesi na regula inatosha, kwa gari hilo haipo tena. Gari la tabo linataka super tupu hapa, Mombasa, popote. Na likikosa, jibu si kuchanganya, jibu ni kuliegesha mpaka lori lije.

Kwanza nilifurahi. Hatimaye! Ameniuliza! Nilikaribia kucheka. Halafu nikatazama juu, nikaona jinsi alivyoinama, anavyochungulia nyuma asionekane. Angesimama pale mbele ya watu akasema, "Mwiteni fundi atueleze," ningempa yote, ningempa na gazeti lenyewe. Lakini alitaka kuchukua ujuzi wangu shimoni, apande nao juu akauseme kama wake, wamshike mkono yeye. Mimi nibaki chini na oili ya seremala shingoni.

"Ni kitu cha kuongeza nguvu tu, Mzee," nikasema. "Injini ni injini."

"Basi ni kama nyingine?"

"Injini ni injini," nikarudia, nikageuza spana.

Alingoja kidogo. Nadhani alikuwa anangoja niseme jingine. Kisha nikasikia magoti yake yakilia akisimama, na viatu vyake vikienda, na sauti yake kule nje, ile yenye uhakika: "Tutatia nusu kwa nusu. Huku juu hewa nyepesi, itakwenda. Lakini zima redio, ukisikia karanga ondoa mguu."

Shimo lilikuwa na ngazi fupi ya vidato vinne. Nilikuwa na muda wa kuipanda. Bomba la regula lilikuwa linaunguruma, kisha likanyamaza, kisha la super, na muda huo wote nilikuwa nimesimama nimeshika ngazi kwa mkono mmoja. Nilijiambia kijana atasikia likigonga. Nilijiambia labda halitagonga. Nilijiambia mambo mengi. Gari likaondoka kwa kishindo na wenzake nyuma yake.

Jumatatu likaletwa limefungwa kamba nyuma ya Land Rover. Kijana alikuwa mzima, namshukuru Mungu kwa hilo. Amechukia tu, anaona haya. Alisema ekzosi ilikuwa inapiga kelele sana mlimani, hakusikia karanga wala nini. Bosi akanipa mimi kazi ya kuifungua injini. Nikaifungua. Pistoni moja ilikuwa na tundu katikati ambalo kidole changu kiliingia bila kugusa kingo. Nikakiacha kidole humo ndani muda mrefu kidogo.

Baba yake kijana akaja, mwenye duka mwenyewe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliongea na bosi ofisini, mlango wazi, kisha bosi akatoka akauliza mbele yetu sote: "Nani alisema ichanganywe?"

"Ni mimi," Mzee akasema.

"Kwa nini?"

"Niliona itafaa."

"Kuna mtu alikushauri?"

Mimi nilikuwa nimeshika mikononi kichwa cha silinda cha injini ile, kizito. Mzee hata hakugeuka kunitazama.

"Nilisema mimi," akajibu. "Hakuna mwingine."

Bosi alikuwa hana la kufanya, mwenye duka alikuwa mteja wetu mkubwa na jirani yetu. Ilipofika alasiri Mzee akaswali stoo ya tairi, akanawa, akavaa nguo zake za nyumbani, akakunja ovaroli akaiweka juu ya meza ya ofisi. Akatupa mkono mmoja mmoja. Aliponifikia akasema, "Kazi njema, fundi."

Miaka minane nililingoja neno hilo. Nililipata siku hiyo, na sikupata mahali pa kuliweka.

Nikapewa pampu. Bosi alisema mimi ndiye niliyesoma, basi nikae mbele, fundi mwingine ataletwa. Ndoto yangu yote hiyo! Nikapiga pasi ovaroli. Gari la kwanza likaingia, kioo kikashuka, mtu akatoa kichwa: "Mzee yuko wapi?" La pili hivyohivyo. Kina mama wa Kihindi walivuta pumzi wakakunja uso. Daktari wa Kilimani nilimweleza vizuri sana, kwa utaratibu, kwa nini gari lake linataka galoni mbili za super na zilizobaki regula. Akanisikiliza kwa adabu. "Wacha tu," akasema. "Nijazie super yote." Aliona heri alipe zaidi kuliko kuniamini. Nami nilikuwa sahihi! Nilikuwa sahihi kila siku, na baada ya miezi michache hakuna aliyeuliza kitu. Walisema "jaza" wakaendelea na mazungumzo yao.

Ilipita miaka minne hivi. Jumamosi moja nilikuwa Kenyatta Market, mke wangu anasukwa nywele, nami nimetumwa kununua nyama choma. Nimefungiwa kilo zangu mbili kwenye gazeti, natafuta mahali pa kukaa, ndipo nikasikia harufu ya waridi katikati ya ule moshi wote.

Alikuwa na kibanda kidogo sana, baina ya muuza vitunguu na mshona viatu. Anatengeneza stovu za mafuta ya taa, zile za kupiga pampu. Alikuwa amezeeka, mgongo umeinama, lakini kofia iko palepale. Na mbele yake, naapa, foleni. Kina mama sita au saba, kila mmoja na stovu yake chini ya kwapa. Mmoja anasema yangu inatema moto, yeye ameinamisha kichwa anaisikiliza, anamwambia, "Umeitia mafuta ya duka gani?" Nilisimama pale na nyama yangu na yale maradhi yakanipanda tena, upya, kama sijaondoka kituoni. Mtu amefukuzwa kazi kwa ajili yangu, anaishi kwa stovu mbovu, na mimi namwonea wivu wa foleni.

Akainua macho. Akanijua mara moja.

"Karibu, karibu! Mpisheni huyu." Akanivutia debe nikae. Akauliza mke wangu hajambo, mama yangu je, taa yake je. Nikasema wote wazima. Kisha akawageukia wale kina mama, anacheka, kama mtu anayetambulisha ndugu yake. "Huyu tulikuwa naye kazini, kwenye petroli. Fundi mzuri. Mwatuona hivi, tulishindwa na gari moja tu maisha yetu. Gari la tabo. Mimi sikuijua, na huyu maskini naye hakuijua, nilimwuliza akaniambia injini ni injini." Akanigusa goti. "Ndiyo maana sikukutaja siku ile. Nilisema moyoni, kijana hakujua, si dhambi kutojua. Wataona cheti chake hakina maana. Kwa nini nimharibie?"

Kina mama wakanitazama kwa huruma. Mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Pole, baba."

Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa, kuliko hata shimoni. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza miaka minne. Sikusema kwa sababu ya kutubu, mtu asinisifu. Nilisema kwa sababu sikuweza kuvumilia wale wanawake wadhani kwamba sikujua.

"Mimi nilijua," nikasema.

Akawa bado anatabasamu, hajasikia vizuri. Stovu iliyokuwa mbele yake ilikuwa inaunguruma.

"Nilijua, Mzee! Haikunishinda. Nilikuwa nimeisoma yote."

Akaipunguza stovu. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda kidogo, kisha likaondoka. Hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa akiyatazama magari, kichwa upande mmoja.

"Basi nieleze," akasema. "Ile tabo yafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha stovu yake mwenyewe. Nikamwambia hii ukiipiga pampu si unashindilia hewa ndani? Tabo nayo inashindilia hewa ndani ya injini. Huku juu hewa iwe nyepesi namna gani, humo ndani inakuwa nzito kuliko ya Mombasa. Ndiyo maana haitaki regula hata tone. Sauti yangu ilikuwa inatoka vizuri, maneno yamepangika, kina mama wote kimya wananisikiliza, na foleni nzima ilikuwa yangu.

Mzee akashika kile kijiti cha pampu ya stovu, akakisukuma mara moja, akakisukuma tena, anahisi hewa inavyokataa chini ya kidole gumba.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mzee."

"Yaani ungeniambia hayo palepale."

"Ndiyo."

Akakiachia kijiti. Akafuta vidole vyake kwenye kitambaa, kimoja kimoja, wala hakunitazama tena.

"Afadhali ungekuwa hujui," akasema, kisha akamwambia mama aliyefuata alete stovu yake.